Nyaya Saba Ndani ya Kopo la Rangi

Benchi lile lilikuwa ubao wa jukwaa la ujenzi, ubao ambao katika ujana wake ulibeba wapaka rangi na katika uzee wake ukabeba wazee. Lilikaa penye kona, likiegemea ukuta wa duka la madaftari ambalo mwenyewe hakulifungua kabla ya saa nne, na mbele yake Shangazi aliweka jiko la mkaa, birika, na vikombe kumi na viwili, vitatu kati yake vikiwa vimepoteza mikono. Kila asubuhi walikaa hapo watu wale wale kwa mpangilio ule ule. Upande wa barabara alikaa Wakili, ambaye hakuwahi kusoma sheria hata ukurasa mmoja, ila aliwahi kuitwa mahakamani mara mbili kuwa shahidi. Katikati alikaa Mawimbi, aliyetengeneza redio kwa miaka thelathini mpaka watu wakaacha kuzileta. Upande wa ukuta ilikuwa nafasi ya Brashi, mpaka rangi mstaafu, mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Kwa wiki ya tatu sasa kijiwe kilikuwa na kesi moja tu, nayo ilikuwa ya Brashi: ni waya gani utakaotoa picha kwenye deki yake ya zamani ya kanda za video na kuifikisha kwenye televisheni yake mpya. Nyuma ya kesi hiyo kulikuwa na jambo ambalo wote walilijua na hakuna aliyependa kulitaja wa kwanza. Mke wa Brashi alikuwa anapoteza macho.

Asubuhi hiyo Brashi alifika akiwa na kopo la rangi la lita nne, lisilo na kifuniko, na ndani yake nyaya zimejikunja kama nyoka waliokosa shimo. Aliliweka chini, akakaa, akapokea kikombe bila kukitazama.

— Umejaribu ule wa saba? Wakili aliuliza, hata salamu hajaitoa.

— Nimejaribu.

— Na picha?

— Bluu.

— Bluu tupu?

— Bluu tupu, na maandishi madogo yanahama kona hadi kona. Yanasema hakuna mawimbi.

— Hakuna Mawimbi? Mawimbi mwenyewe akadakia. Mimi niko hapa tangu saa moja!

Shangazi alicheka peke yake. Wakili alikwisha kunyoosha mkono, akauchomoa waya wa saba koponi na kuuinua juani, ncha zake zikimeta.

— Lakini huu una dhahabu. Ona mwenyewe. Dhahabu! Mimi ndiye niliyekwambia utafute wenye dhahabu, na sisemi ovyo. Wahenga walisema kila king'aacho ni dhahabu.

— Walisema si dhahabu, Wakili, alisema Shangazi.

— Hao walikuwa wahenga wa upande wa pili wa kesi.

Brashi hakucheka. Alikuwa akiutazama mvuke wa kahawa na kumwona daktari wa macho, yule kijana mwenye sauti ya chini, akimwambia mkewe kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kwamba kilichobaki kitakwenda kwa wiki, si kwa miaka. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa. Walipofika mlangoni ndipo aliposema, kama mtu anayeagiza chumvi: “Baba, nitolee ule mkanda. Nataka nimwone mtoto anatembea.”

Mkanda ulikuwa wa mahafali ya binti yao, aliyehitimu uuguzi na kufariki mwaka uliofuata. Ulikuwa wa dakika arubaini, nyingi kati yake zikiwa za hotuba ya mtu ambaye hawakumfahamu. Binti mwenyewe alionekana kwa dakika mbili hivi: anatoka kwenye mstari, anakuja upande wa mpiga picha, anamrekebishia mama yake ushungi, anacheka, anarudi. Picha za kuning'inizwa ukutani walikuwa nazo. Lakini za ukutani hazitembei.

Televisheni nene ya zamani, iliyokuwa ikielewana na deki, iliungua wiki ile ile. Mtoto wao wa kiume, afanyaye kazi mbali, akatuma nyingine, nyembamba kama mlango wa kabati. Kila mtu mtaani alisema mzee kapata bahati.

— Tatizo si dhahabu, alisema Mawimbi, akiweka kikombe chini kwa utaratibu wa mtu anayeanza somo. Tatizo ni urefu. Huo una mita ngapi?

— Tano.

— Haya basi! Mita tano! Deki iko wapi na televisheni iko wapi?

— Zimekaa pamoja. Kama mimi na wewe.

— Sasa picha itembee mita tano kwenda mahali pa shubiri moja, si itachoka? Fimbo ya mbali haiui nyoka, bwana. Inatoka kwenye deki ina nguvu zake, inazunguka, inazunguka, ikifika mlangoni haina hata pumzi ya kubisha hodi.

— Ule wa pili ulikuwa mfupi, alisema Brashi. Nao bluu.

— Ule wa pili ulikuwa mwembamba. Nilikwambia. Damu nzito kuliko maji. Waya mnene, picha nene.

— Wa nne ulikuwa mnene kama kidole gumba.

— Na ukaukunja ukautia ndani ya kopo! Wakili alipiga paja. Hapo ndipo penye kosa. Nyie mnatafuta mchawi mbali. Samaki mkunje angali mbichi; huu umeukunja ukiwa umekauka. Picha ikifika kwenye kona inavunjika. Ukiusikiliza vizuri utasikia vipande.

— Wakili, alisema Shangazi, methali hiyo jana ulikuwa ukiitumia kwa habari ya paa la msikiti.

— Ni methali pana.

Brashi aliinama, akatoa koponi kipande cha boksi, akakiegemeza kwenye birika ili wote wakione. Hiki ndicho kilichokuwa ushahidi wake. Kwa kuwa hakuweza kuibeba televisheni mpaka kijiweni, na kwa kuwa kijiwe hakikuwa na desturi ya kumwendea mtu nyumbani, alikuwa ameuchora mgongo wa televisheni kwa rangi halisi zilizosalia kwenye makopo yake. Alichora tundu moja bapa, jeusi, na chini yake vitundu vitano vya mviringo: kijani, bluu, nyekundu, nyeupe, nyekundu tena. Ilikuwa kazi safi. Duara zilikuwa duara kweli, na hakuna rangi iliyomgusa jirani yake.

— Nimeuangalia ule mchoro wako hata usingizini, alisema Mawimbi. Deki inatoa rangi ngapi?

— Tatu. Manjano, nyeupe, nyekundu.

— Na televisheni inapokea?

— Nyeupe ipo. Nyekundu ipo, tena mbili. Manjano haipo.

— Manjano haipo, Wakili alirudia kwa masikitiko, kama hakimu anayesoma hukumu.

— Siku ya kwanza nilichomeka nyeupe kwa nyeupe na nyekundu kwa nyekundu, alisema Brashi. Sauti ikatoka. Hotuba yote tuliisikia, na makofi. Hata alipocheka, tulisikia. Mama watoto akaniuliza, “Mbona gizani?” Nikamwambia si macho yako, ni waya.

Pikipiki ilipita, na wote watatu wakaifuata kwa macho kama mtu waliyemtuma.

Tangu siku ile, kila baada ya siku mbili tatu, Brashi alikuwa akishuka kwa muuza vifaa na kurudi na waya mwingine. Muuzaji alikuwa mtu mkarimu: hakuwahi kusema hajui. Alimpa wenye kichwa bapa uliokwenda kwenye tundu jeusi, lakini deki haikuwa na mahali pa kuupokea. Alimpa wenye meno kumi na matano na skrubu mbili, ambao ulikuwa wa kompyuta. Alimpa wa antena. Alimpa wenye kisanduku katikati kilichowaka taa nyekundu na kupata moto kama pasi. Kila aliporudi, mke wake alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti mbele ya kioo, mikono mapajani, amevaa kama anayetoka. Naye Brashi alipita nyuma ya televisheni, akapiga magoti, akaanza.

— Kama manjano haina tundu, alisema Mawimbi, basi itoboe.

— Itoboe nini?

— Televisheni. Kitundu kidogo tu, chini ya nyeupe. Mimi nilitoboa redio nyingi.

— Na ngapi zilipona?

— Si hoja. Hoja ni kwamba waya ukishafika ndani, wenyewe utajijua. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Acha mchezo na mali ya mtu, alisema Wakili. Suala hapa ni la heshima. Hebu fikirini. Deki ina umri gani? Inakaribia miaka thelathini. Televisheni je? Wiki tatu. Sasa mzee anamsemesha mtoto mchanga, mtoto anamtazama tu, macho ya bluu. Unataka waya? Unataka mkalimani! Panahitajika chombo cha katikati, cha umri wa kati, kilichozaliwa wakati deki bado zipo na televisheni hizi zimeanza. Kisikilize huku, kieleze kule.

— Ndicho kile kisanduku kilichopata moto, alisema Brashi.

— Kilipata moto kwa sababu waligombana.

Shangazi alijaza vikombe. Wakili alikipokea chake, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja, na mtu aliyemjua vizuri angetambua kwamba sasa amefika pale ambapo maneno humtoka kabla hajayaona.

— Au niseme lile ambalo ninyi mnaliogopa. Televisheni hizi za siku hizi zina akili. Zinamjua aliye ndani ya nyumba, zinasikia, zinaandika. Mimi nasema zimefundishwa. Ukizipelekea mtu aliyekwisha kufa, zinakataa. Zinasema bluu. Haiwezi kuwa ni waya, nyaya saba zote mbovu? Haiwezekani. Ni huyo mtu tu—

— Wakili! Shangazi aligonga kifuniko cha birika. Funga mdomo wako. Mtoto yule alinichoma sindano mimi, mkono huu, na sikusikia hata maumivu. Leo unamfanya sababu ya waya?

— Nilikuwa natoa mfano.

— Mfano toa kwa mtoto wako.

Wakili aliangalia viatu vyake. Alisema, bila kuinua uso:

— Samahani, mzee mwenzangu. Ulimi hauna mfupa.

— Haidhuru, alisema Brashi.

Nayo haikumdhuru kama walivyodhani, kwa kuwa yeye mwenyewe alikwisha kufika mbali kuliko Wakili. Usiku wa waya wa tano alijikuta akifikiri kwamba binti yake ndiye asiyetaka. Kwamba anayo sababu. Mtu akilelewa na baba ambaye alikuwa juu ya ngazi za nyumba za watu tangu alfajiri mpaka magharibi, kwa nini atoke leo, kwa kuitwa? Siku ya mahafali Brashi mwenyewe hakuwamo kwenye mkanda. Alikuwa na dari ya kumaliza.

— Kwa hiyo wa nane utakuwa upi? aliuliza Mawimbi kwa upole.

— Sijui. Muuzaji anasema kuna mwingine unakuja.

— Mchagua jembe si mkulima, alisema Wakili kwa sauti ndogo, akijaribu kurudi barazani.

— Hiyo nayo inamaanisha nini hapa? aliuliza Shangazi.

— Sijui, Shangazi. Leo sijui.

Hapo ndipo alipokuja dada mmoja. Alikuwa amebeba ngazi ya alumini begani, mkanda wa spana kiunoni, na mikononi vumbi la mapaa, kwa maana kazi yake ilikuwa kufunga madishi na ving'amuzi. Hakuna aliyewahi kumwona pale.

— Shikamooni wazee. Naomba niegemeze ngazi hapa, ninywe kimoja nipumue.

— Marahaba, egemeza mwanangu, walijibu kwa pamoja, na Mawimbi akasogea.

Alikunywa akiwa amesimama. Macho yake yakaangukia kwenye boksi lililochorwa.

— Hii nani kaichora? Nzuri kweli. Mgongo wa tivii.

— Mimi, alisema Brashi.

— Mnachomeka nini?

Wakaanza kumweleza wote watatu kwa wakati mmoja: dhahabu, mita tano, kona zinazovunja picha, mkalimani, tundu la kutoboa. Dada aliwasikiliza kwa adabu kama dakika nzima. Kisha akainua mkono.

— Samahani, baba zangu. Deki ya rangi tatu, siyo? Na tivii ina hivi vitano. Akachuchumaa, akaweka ncha ya kidole kwenye duara la kijani bila kuligusa. Hili hapa. Halikuwa na ukingo wa manjano? Mwembamba, kwa ndani?

Brashi alilitazama duara lile.

— Lilikuwa nao, alisema.

— Mbona hapa haupo?

— Niliusafisha.

— Uliusafisha?

— Niliona ni uchafu. Rangi ya manjano imevuja juu ya kijani. Nikasema huyu fundi wa kiwandani hakubandika tepu, kazi imemchafukia. Mimi nisingeweza kuchora kosa la mtu. Miaka arubaini, mwanangu, sijawahi kuacha manjano iguse kijani.

— Si kosa, baba. Ndiyo alama yenyewe. Tundu hilo linatumika kwa rangi mbili. Ile ya manjano unaichomeka kwenye kijani, basi. Nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa hii ya mwisho. Halafu kwenye rimoti unachagua AV. Waya ni ule wa kawaida tu, uliokuja na deki.

— Wa kwanza, alisema Mawimbi.

— Ndiyo, huo huo wa kwanza.

Dada alipekua kopo, akausukuma pembeni wenye dhahabu, na wenye meno kumi na matano, na wenye kisanduku, mpaka akaupata chini kabisa: mweusi, mwembamba, vichwa vitatu kila upande, cha manjano kikiwa na tone la rangi nyeupe ya dari.

— Huu. Hauna hata shida. Alimpa Brashi, naye akaupokea kwa mikono miwili. Ni kazi ya dakika mbili. Mlitaka kuangalia nini kwani?

Shangazi ndiye aliyemweleza, kwa maneno mafupi: mkanda, binti, macho ya mama. Dada akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akaweka kikombe chini, akajipangusa mikono kwenye suruali.

— Pole sana, baba. Basi mkalishe karibu na kioo, na chumba kiwe na giza kidogo, itamsaidia. Akasita. Ila mama mwenyewe, mpaka leo bado anaona?

Lilikuwa swali dogo. Wakili alimtazama Mawimbi, na Mawimbi akamtazama Shangazi, na wote wakamtazama Brashi, kwa maana kwa wiki tatu walikuwa wamejua urefu wa kila waya, na unene wake, na rangi ya ncha zake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hilo.

— Wahenga walisema... alianza Wakili.

Wakangoja. Wakili akainamia kikombe chake.

Brashi alijaribu kukumbuka. Wiki ya kwanza mkewe alikuwa bado anatunga uzi kwenye sindano, pale dirishani. Hilo alilikumbuka vizuri. Ya wiki ya pili hakuyajua, kwa maana wiki ya pili yeye alikuwa nyuma ya televisheni, paji la uso kwenye ukuta, na aliye nyuma ya televisheni hamwoni aliye mbele yake. Juzi, saa sita mchana, mlango ukiwa wazi na jua limeingia mpaka kwenye miguu ya mkewe, alimsikia akiuliza kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Baba, mvua inataka kunyesha?”

Naye, akiwa amepiga magoti na ncha ya waya mdomoni, alijibu, “Hapana, mama, kweupe,” akaendelea kutafuta tundu.

— Baba? alisema yule dada. Nimeuliza vibaya?